Namna ya Kutumia Kadi ya Mkopo na Mkopo wa Marejesho Kugharimia Ukarabati wa Nyumba

Matengenezo ya nyumba yana tabia ya kujitokeza wakati akiba haipo au haitoshi. Bomba hupasuka ndani ya ukuta, paa huanza kuvuja mvua zikiwa zimekwisha kuanza, nyaya za umeme hutoa harufu ya kuungua, na mwenye nyumba hujikuta analazimika kuamua ndani ya siku chache jambo ambalo angependa kulitafakari kwa miezi. Methali ya ufa na ukuta tunaifahamu sote, lakini haikutaja ufa uzibwe kwa fedha ya nani, wala fedha hiyo irudishwe kwa masharti gani. Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo iliyoachwa: jinsi ya kutumia kadi ya mkopo na mkopo unaorejeshwa kila mwezi kulipia ukarabati, bila deni kuendelea kudaiwa baada ya kazi yenyewe kuchakaa.

Kadi na mkopo zote ni fedha za watu, na kwa sababu hiyo wengi huziona kuwa ni kitu kimoja. Kadi imekusudiwa deni dogo linalomalizwa haraka. Ikitumiwa hivyo huenda isikutoze riba hata kidogo, na ikitumiwa vinginevyo inakuwa miongoni mwa fedha ghali zaidi ambazo benki hukopesha. Mkopo wa marejesho, kwa upande wake, umekusudiwa kiasi kikubwa kinachojulikana mapema, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa maoni yangu, hasara nyingi katika ukarabati wa kukopa hutokea pale mtu anapolipia paa zima kwa kadi, au anapochukua mkopo wa miaka mitatu kwa ajili ya kupaka rangi sebule.

Anza na kasoro yenyewe

Kabla ya kuuliza benki inatoza riba gani, ni lazima ujue nini hasa kimeharibika na kama kinaweza kungoja. Kasoro zinazohusu maji, umeme na uimara wa jengo hazingoji, kwa kuwa gharama yake huongezeka kila wiki. Maji yanayopenya kwenye paa hushuka hadi kwenye mbao za kenchi, kisha dari, kisha plasta, na kila hatua humwita fundi mwingine. Rangi iliyopauka, kabati la jikoni lililopitwa na wakati au vigae vya bafuni visivyopendeza vinaweza kungoja mwaka mzima bila kuongeza hata senti moja kwenye bili. Kundi la kwanza ndilo linalostahili fedha ya kukopa. La pili ningelishauri lisubiri akiba, hata kama benki iko tayari kukopesha, na mara nyingi iko tayari.

Baadhi ya uchunguzi unaweza kuufanya mwenyewe bila gharama. Ukishuku kwamba bomba linavuja chini ya sakafu, funga koki zote za nyumba usiku, hakikisha matangi ya choo yamejaa na hayapokei maji, kisha uandike tarakimu zote za mita ya maji, zikiwamo zile ndogo za mwisho ambazo kwa kawaida hakuna anayezisoma. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufungua koki, soma tena. Tarakimu zikiwa zimesogea, maji yanapotea mahali fulani baada ya mita, na fundi atakapofika hatakuwa na sababu ya kubomoa ili kukisia. Ufa wa ukutani nao unaweza kupimwa kwa penseli: chora mstari mfupi kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe kando yake, kisha urudi kuutazama baada ya wiki kadhaa. Ufa uliotulia kwa kawaida ni kazi ya plasta. Ufa unaovuka mistari ya penseli au unaopanuka unahitaji mtaalamu wa majengo autazame kabla hujakopa chochote, kwa sababu kuuziba bila kujua chanzo ni kulipia kazi ileile mara mbili.

Hatua inayofuata, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa, ni kusoma mkataba wa bima ya nyumba kama unayo. Kwa kawaida bima hulipa madhara ya ghafla, kama vile bomba lililopasuka au paa lililoezuliwa na dhoruba, na hukataa uchakavu wa muda mrefu. Ukianza kutengeneza kabla ya kutoa taarifa, unaweza kuwa umefuta ushahidi wa madai yako mwenyewe. Piga picha, zuia madhara yasienee, toa taarifa, kisha ndipo umwite fundi. Mpangaji naye asikope kabla ya kusoma mkataba wake wa upangaji, kwa maana matengenezo ya paa, kuta na mifumo ya maji mara nyingi ni jukumu la mwenye nyumba.

Baada ya hapo omba makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili au watatu. Makadirio yanayofaa hutenganisha vifaa, ufundi, usafiri na uondoaji wa kifusi, na hutaja idadi na aina ya kila kifaa. Karatasi yenye jumla moja tu chini yake haikusaidii kukopa, kwa sababu, kama itakavyoonekana, kila sehemu ya gharama inaweza kulipwa kwa chombo tofauti. Ongeza kwenye jumla asilimia 10 hadi 20 kwa ajili ya yasiyotarajiwa, hasa panapohusika ukuta au sakafu itakayofunguliwa. Nyumba kongwe huficha mengi nyuma ya plasta. Lakini nyongeza hiyo usiikope kwa sasa. Iandike tu, tutairudia.

Kadi ya mkopo inavyohesabu

Mwenye kadi hupata taarifa ya hesabu mara moja kwa mwezi. Siku ambayo taarifa inafungwa na siku ya mwisho ya kulipa ni siku mbili tofauti, na kati yake kwa kawaida kuna wiki tatu hivi. Ukilipa salio lote la taarifa kabla ya siku ya mwisho, manunuzi uliyoyafanya hayatozwi riba. Hiki ndicho kipindi kisicho na riba, na ni sababu pekee nzuri ya kutumia kadi katika ukarabati.

Urefu wa kipindi hicho hutegemea siku uliyonunua. Tuseme taarifa yako hufungwa tarehe 20 ya kila mwezi na malipo hudaiwa tarehe 11 ya mwezi unaofuata. Ukinunua mabati tarehe 19 Machi, yataingia kwenye taarifa ya kesho yake na utayalipia tarehe 11 Aprili, yaani baada ya siku 23. Ukinunua mabati hayohayo tarehe 21 Machi, yatasubiri taarifa ya tarehe 20 Aprili na utayalipia tarehe 11 Mei, baada ya siku 51. Siku mbili za subira dukani zimekupa karibu mwezi mzima wa ziada, na pengine mshahara mmoja zaidi, bila gharama yoyote. Tafuta tarehe hizi mbili kwenye taarifa yako kabla ya kununua msumari wa kwanza.

Kipindi hicho kina sharti ambalo halitangazwi kwa sauti kubwa: katika kadi nyingi hukipati kama ulibakiza deni kutoka mwezi uliopita. Mwenye salio la zamani hutozwa riba kwa manunuzi mapya tangu siku aliyoyafanya. Kwa hiyo mtu ambaye tayari anadaiwa kwenye kadi yake asifikirie kwamba vifaa atakavyoongeza vitakaa siku 51 bila riba; vitaanza kugharimu siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni kiwango cha chini cha kulipa, ambacho benki hukiandika mahali panapoonekana vizuri. Kiwango hicho hukulinda dhidi ya adhabu ya kuchelewa, na hakina kazi nyingine kwako. Chukua deni la 1,200,000, kwa sarafu yoyote utumiayo, kwenye kadi inayotoza asilimia 2 kwa mwezi, na kiwango cha chini kiwe asilimia 5 ya salio. Mwezi wa kwanza utadaiwa 61,200. Ukiendelea kulipa kiwango cha chini tu, ambacho hupungua kadiri salio linavyopungua, baada ya mwaka mmoja utakuwa umetoa takriban 621,000, na bado utadaiwa takriban 822,000. Sasa mchukue jirani yako mwenye deni hilohilo, aliyeamua kwamba zile 61,200 za mwezi wa kwanza ataendelea kuzilipa kila mwezi bila kuzipunguza hata benki inapomdai kidogo zaidi. Yeye anamaliza baada ya miezi 25 na salio dogo la mwezi wa 26. Wakati huo wewe ungali unadaiwa zaidi ya 540,000. Nyote mlianza na malipo yaleyale, na tofauti yote imetokana na kuikubali ile punguzo la kila mwezi ambalo benki ilikupa kana kwamba ni hisani.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni jambo la kuepuka kabisa katika ukarabati. Fedha hiyo kwa kawaida haina kipindi kisicho na riba, hutozwa ada ya papo kwa papo, na mara nyingi riba yake iko juu kuliko ya manunuzi. Kishawishi huja pale fundi anapotaka malipo ya taslimu na kadi ndiyo pekee yenye nafasi. Dawa yake ni kupanga mapema: kadi inunue vifaa dukani, na fedha taslimu uliyonayo, hata kama ni kidogo, ihifadhiwe kwa ajili ya ufundi. Mtu anayetumia akiba yake yote kununua saruji na vigae, kisha akaenda kwenye mashine ya fedha na kadi ya mkopo ili amlipe fundi, amenunua vitu vilevile kwa bei ya juu zaidi kwa sababu tu ya mpangilio.

Maduka mengi ya vifaa na benki nyingi huwa na mipango ya kugawanya ununuzi kwa awamu bila riba. Kabla ya kukubali, uliza maswali mawili. La kwanza ni kama kuna ada ya kuingia kwenye mpango, kwani ada ya asilimia 4 inayolipwa mwanzoni kwa awamu sita za kila mwezi ni sawa na riba ya karibu asilimia 14 kwa mwaka, hata kama tangazo linasema sifuri. La pili ni nini kitatokea usipomaliza kwa wakati. Katika baadhi ya mipango riba inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza na kusamehewa tu ikiwa deni lote limekwisha kabla ya tarehe iliyowekwa. Ukibakiza kidogo, riba ya kipindi chote hurudishwa juu yako. Uliza pia kama duka huongeza bei kwa anayelipa kwa kadi. Nyongeza ndogo ya asilimia 3 kwa deni utakalolimaliza ndani ya mwezi ni ghali kuliko inavyoonekana.

Kadi ina faida nyingine ambayo fedha taslimu haina: ikiwa muuzaji hakuleta bidhaa au ameleta isiyo yake, unaweza kuiomba benki iliyotoa kadi ipinge malipo hayo, mradi ufanye hivyo ndani ya muda uliowekwa na uwe na risiti. Kwa vifaa vinavyoagizwa, kama vile madirisha ya vipimo maalumu au tangi la maji moto, ulinzi huo una thamani, na mimi ningelipia kwa kadi hata kama fedha taslimu ipo.

Mkopo wa marejesho

Swali ambalo mkopaji huuliza kwanza ni asilimia ngapi. Swali linalofaa kutangulia ni asilimia hiyo inahesabiwa juu ya nini. Kuna mikopo ambayo riba hukokotolewa juu ya deni lililobaki, hivyo hupungua kila unaporejesha, na kuna mikopo ambayo riba hukokotolewa juu ya kiasi cha awali hadi mwisho, kana kwamba hujarudisha chochote. Mkopo wa 1,200,000 kwa mwaka mmoja kwa asilimia 15 ya aina ya pili una riba ya 180,000, na rejesho la kila mwezi ni 115,000. Mkopo huohuo kwa asilimia 15 juu ya salio linalopungua una rejesho la takriban 108,300, na riba yote ni chini kidogo ya 100,000. Ukiigeuza ile riba ya kiasi cha awali iwe riba ya salio linalopungua ili uzilinganishe, unapata zaidi ya asilimia 26 kwa mwaka. Mkopeshaji mwenye asilimia 15 anaweza kuwa ghali kuliko mwenye asilimia 22, na hakuna aliyedanganya. Wametumia tu vipimo viwili.

Ndiyo sababu njia salama ya kulinganisha mikopo ni kuomba namba tatu kwa maandishi: kiasi kitakachoingia mkononi mwako baada ya makato yote, rejesho la kila mwezi, na idadi ya miezi. Zidisha rejesho kwa miezi, toa kiasi kilichoingia mkononi, na utakachopata ndiyo bei halisi ya mkopo. Ada ya kushughulikia maombi, bima ya mkopo, gharama za mwanasheria na tathmini ya dhamana mara nyingi hukatwa kabla fedha haijakufikia, na kama hukuzihesabu, fundi atasimamisha kazi zikiwa zimebaki safu mbili za vigae. Ukilinganisha mikopo miwili kwa njia hii hakikisha miezi ni sawa. Vinginevyo ule wa muda mfupi utaonekana nafuu kwa sababu ya ufupi wake tu.

Muda wa mkopo ndio unaoamua gharama kuliko watu wanavyodhani. Ule mkopo wa 1,200,000 kwa asilimia 15 ya salio linalopungua, ukichukuliwa kwa miezi 36 badala ya 12, hushusha rejesho hadi takriban 41,600, jambo linalofurahisha unapolisoma mezani kwa afisa mikopo. Riba yote, hata hivyo, hupanda hadi karibu 297,500, takriban mara tatu. Sipingi mkopo wa miaka mitatu kwa kazi ya paa, kwa kuwa paa lililoezekwa vizuri hudumu miaka mingi na rejesho dogo huacha nafasi ya kupumua. Ninachokipinga ni kuchukua muda mrefu kwa kazi yenye maisha mafupi. Rangi ya nje inayohitaji kurudiwa baada ya miaka michache isilipiwe kwa mkopo utakaokuwa bado haujaisha wakati inaanza kubanduka.

Uliza pia kama unaruhusiwa kulipa zaidi ya rejesho au kumaliza mapema, na kama kuna adhabu. Kwenye mkopo wa riba ya kiasi cha awali, kumaliza mapema huenda kusikuokolee chochote, kwa kuwa riba yote ilikwisha kuwekwa kwenye deni siku uliposaini.

Kuhusu dhamana, mkopo unaoshikilia nyumba yenyewe kwa kawaida una riba ndogo na muda mrefu, lakini huchukua wiki au miezi kukamilika na unaweka paa linalotengenezwa rehani pamoja na kuta zake. Unafaa kwa ukarabati mkubwa unaogusa uimara wa jengo, kwa mtu mwenye kipato cha uhakika na hatimiliki iliyo safi. Haufai kwa dharura, kwa sababu bomba lililopasuka halingoji mthamini, na haufai kwa mapambo kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo. Ukiombwa uwe na mdhamini, mweleze kinagaubaga kwamba usipolipa atadaiwa yeye. Wengi husaini wakidhani wanathibitisha tabia njema ya rafiki.

Mikopo ya haraka ya simu na ya wakopeshaji wa mtaani hutangazwa kwa ada badala ya riba, na ada huonekana ndogo. Ada ya asilimia 8 kwa siku 30 ni sawa na takriban asilimia 97 kwa mwaka kabla hata ya kuhesabu adhabu za kuchelewa. Inaweza kufaa kwa koki ya dharura itakayolipwa mshahara wa wiki ijayo. Haifai kwa kazi yoyote inayohitaji zaidi ya mshahara mmoja kuilipa, kwa kuwa kuirefusha mara kwa mara ndiko kunakozaa deni lisilokwisha.

Kabla ya kusaini mkopo wowote, ikiwa kazi inaweza kungoja, jaribu kuishi nao. Kwa miezi miwili au mitatu tenga kiasi sawa na rejesho siku ileile unayopokea kipato, ukiweke kwenye akaunti usiyoigusa. Ukishindwa kufika mwisho wa mwezi, umegundua bila kuumia kwamba rejesho hilo ni kubwa mno. Ukiweza, tayari una fedha taslimu ya kuanzia, na mkopo utakaouchukua utakuwa mdogo zaidi.

Kugawanya kazi moja

Tuchukue kazi ya paa yenye makadirio ya 2,000,000: vifaa 1,300,000, ufundi 500,000, usafiri na kukodi jukwaa la kufanyia kazi 200,000. Mwenye nyumba ana akiba ya 400,000, na kadi ya mkopo isiyo na deni yenye kikomo cha 800,000. Njia inayomjia haraka ni kuomba mkopo wa 2,300,000, ili pawe na asilimia 15 ya dharura, na akiba ibaki salama. Ningemshauri vinginevyo.

Akiba yote ya 400,000 iende kwenye ufundi, kwa kuwa hapo ndipo fedha taslimu inapohitajika. Kadi ichukue vifaa vya 400,000, vinunuliwe siku moja au mbili baada ya taarifa kufungwa, na vilipwe chote kutoka kwenye mishahara miwili inayofuata kabla siku 51 hazijapita. Kama mishahara hiyo haiwezi kubeba 400,000, basi kadi ipewe kidogo zaidi. Kipimo cha kadi ni kile unachoweza kukimaliza ndani ya kipindi kisicho na riba. Kilichobaki, yaani vifaa vya 900,000, usafiri na jukwaa 200,000, na 100,000 ya kumalizia ufundi, kibebwe na mkopo wa 1,200,000. Zile 300,000 za dharura hazikopwi. Zinasubiri ndani ya nafasi ya 400,000 iliyobaki kwenye kadi, ambayo haigharimu kitu mpaka itumike. Mbao za kenchi zikikutwa zimeoza, nafasi ipo. Zikikutwa nzima, hakuna riba iliyolipwa kwa hofu. Katika mpango huu mwenye nyumba anabaki bila akiba kwa muda, na hilo ni la kweli na linauma. Mwenye kipato kisichotabirika anaweza kubakiza sehemu ya akiba na kukopa zaidi kidogo, akijua analipia utulivu.

Kujaza kadi karibu na kikomo chake kunaweza kushusha alama zako pale ambapo historia ya mikopo hupimwa, na maombi mengi ya mkopo kwa wakati mmoja huleta shaka. Kwa hiyo omba mkopo kwanza, upate jibu, kisha ndipo utumie kadi.

Fedha inapofika kwa fundi

Mkopo ukishaingia kwenye akaunti, riba inaanza kuhesabika iwe fundi amefika au hajafika. Usichukue mkopo kabla ya fundi kuwa na tarehe, na kama mkopeshaji anakubali kutoa fedha kwa awamu, chukua kwa awamu. Fundi naye alipwe kwa hatua zilizoandikwa kwenye makubaliano: kiasi cha kuanzia, kiasi paa la zamani likishaondolewa na kenchi kukaguliwa, kiasi uezekaji ukikamilika, na sehemu ya mwisho ibaki hadi mvua ya kwanza inyeshe au, kwa kazi ya bomba, hadi jaribio la mita lirudiwe na tarakimu zisisogee. Fundi anayedai malipo yote mapema anakuachia wewe deni na yeye uhuru wa kuondoka.

Vifaa vinunue wewe mwenyewe, au ulipe dukani moja kwa moja, na risiti iwe na jina lako. Vipande vya ziada ambavyo havikufunguliwa vinaweza kurudishwa, na vilivyolipiwa kwa kadi fedha yake hurudi kwenye kadi, si mkononi mwa aliyevirudisha. Rejesho hilo huenda lisionekane kabla ya taarifa kufungwa; lipa salio lote kama lilivyoandikwa na uache marejesho yaingie mwezi unaofuata, kuliko kukata mwenyewe na kupoteza kipindi kisicho na riba kwa sababu ya masanduku mawili ya vigae.

Fundi akikuletea mkopeshaji pamoja na makadirio, soma makadirio hayo upya. Mara nyingi gharama ya mkopo wa aina hiyo imeingizwa kwenye bei ya kazi, na njia ya kuigundua ni kuuliza bei ya mtu anayelipa taslimu.

Wakati wa kulipa na wakati wa kumaliza

Weka agizo la malipo ya moja kwa moja siku moja au mbili baada ya kipato kuingia, si siku ya mwisho, kwa kuwa sikukuu na hitilafu za mitambo hazikubaliki kama udhuru wa kuchelewa. Ukipata fedha ya ziada, ipeleke kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi, ambalo kwa kawaida ni la kadi. Ukiona rejesho lijalo halitapatikana, mwendee mkopeshaji kabla ya tarehe kupita. Aliyekwenda kabla huweza kupewa muda au kupangiwa upya marejesho. Aliyekwenda baada ya miezi mitatu ya ukimya huanza mazungumzo akiwa na adhabu juu yake na taarifa mbaya kwenye kumbukumbu za mikopo. Kukopa kwa mwingine ili ulipe wa kwanza kuna maana tu ikiwa mkopo mpya, baada ya ada zake zote, ni nafuu kuliko wa zamani, na ikiwa kadi iliyosafishwa haitajazwa tena.

Rejesho la mwisho likishalipwa, omba barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha, na kama uliweka dhamana, fuatilia mpaka kizuizi kiondolewe kwenye hatimiliki, kwa sababu hakiondoki chenyewe. Sitisha agizo la malipo ya moja kwa moja. Baada ya mwezi mmoja au miwili omba taarifa yako ya mikopo na uhakikishe mkopo umeandikwa kuwa umefungwa. Kama bado unaonekana uko wazi, barua ile ndiyo utakayoambatisha kwenye ombi la masahihisho. Ihifadhi pamoja na risiti za vifaa na dhamana ya fundi.